Makomeo Mawili ya Paa la Gari la Baba

Mmeniuliza kwenye grupu, mmeniuliza sokoni, na juzi mmoja wenu, jina nalihifadhi, kaninong'oneza katikati ya darsa huku ustadhi anasoma: "Mwalimu, ni kweli ulikaa eda ya mume wa mtu huko Sudi?" Basi naandika mara moja, msome wote, halafu mniache nipumzike. Sikukaa eda. Nilikalishwa karibu na eda, tena kwa muda mfupi, na si kwa kupenda kwangu.

Gari wengi wenu mnalijua. Kwa wageni: baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa karani wa shamba la mkonge, na meneja wake alipofungasha kurudi kwao alimwachia baba gari dogo la Kiingereza, milango miwili, paa la turubai linalokunjwa nyuma. Watu wa Masoko wakaliita Vuakofia, na ndilo jina lake mpaka leo. Baba alipofariki ndugu wote waliniachia mimi, kwa sababu ni mimi peke yangu niliyejua kuliwasha bila kulitukana.

Paa lile likifungwa hubanwa kwa mbele, juu ya kioo, kwa makomeo mawili, la kushoto na la kulia. Kila moja lina mkono wa kuvuta na kulabu ndogo inayong'ata ukingo wa kioo. Ukiyaweka yote mawili kiganjani, kiganja hakijai. Kulabu ya kushoto ilivunjika. Ya kulia ilikuwa nzima, ila pini yake imelika, haibani. Gari likikimbia kidogo tu paa linainuka na kupiga makofi, mvua inaingia, vumbi linaingia, na mimi dereva nashika usukani kwa mkono mmoja na paa kwa mwingine.

Sasa, dada yangu Biubwa alikuwa anaolewa Jumamosi. Ana miaka sitini na minne, mjane wa siku nyingi, na bwana harusi ni Bwana Hemedi wa Kivinje, muuza chumvi mstaafu. Ndoa yake ya kwanza aliolewa na miaka kumi na saba, mume kachaguliwa na wazee. Siku ile walimpeleka kwa mume juu ya lori la nazi. Vuakofia ilitangulia mbele, imeoshwa inang'aa, na ndani yake alikaa baba, na pembeni ya baba nilikaa mimi, mtoto wa miaka tisa, nawapungia watu mkono. Baba alisema bibi harusi na masufuria yake hawaenei. Nyuma yetu, juu ya lori, dada yangu alikuwa analia.

Hajanilaumu hata siku moja. Miaka arobaini na ushei hajaomba chochote kuhusu gari lile. Safari hii akaomba: nimpeleke Kivinje na Vuakofia, paa limefungwa.

"Lifungwe likafungika, Somoe," akaniambia. "Lisiachie hata upenyo. Likiwa wazi sipandi, naita bajaji."

Nikamwambia tutalifunga kwa kamba. Akanitazama kama mimi ndiye mkubwa wa wajinga wa wilaya nzima. "Nimekuomba kamba mimi?" Nikadhani anaogopa mvua, maana ilikuwa masika. Basi Jumatatu asubuhi, vidole vyangu vina hina mbichi ya harusi, nikafunga makomeo yale kwenye leso nikaondoka.

Masoko hadi Nangurukuru: "Subiri kidogo"

Nangurukuru pale njia panda maduka ya spea yamepangana. Tatizo ni kwamba kwetu mwenye duka hasemi hakuna. Akisema hakuna ataonekana duka lake dogo. Anasema "subiri kidogo, mama", anaingia nyuma, na wewe unabaki na matumaini yako juani.

Duka la kwanza nilisubiri kidogo nusu saa, nikaletewa komeo la mlango wa choo. La pili nilisubiri zaidi, nikaletewa bawaba ya sanduku la bati. La tatu kijana hakurudi kabisa. Nikamkuta mgahawani anakunywa chai.

"Si nilikwambia nasubiri?"

"Ah, mama, nilijua utaona mwenyewe kwamba haipo."

Mimi nimefundisha hesabu shule ya msingi miaka thelathini. Nimevumilia mengi. Lakini siku ile ilikuwa bado saa nne asubuhi na tayari koo lilikuwa limenikauka kwa kugomba.

Fundi wa kuchomelea akaniita mwenyewe. Akayageuza makomeo, akacheka. "Mama, hii kazi ya dakika mbili." Akaanza na lile zima, ati alitie nyama pale pini ilipolika. Akawasha moto wa gesi. Ndugu zangu, sikuona hata moshi. Komeo la kulia liliyeyuka kama samli, likadondoka chini tone tone, na mkononi mwake kikabaki kibanzi.

"Lo! Kwani hili lilikuwa chuma gani, mama?"

"Unaniuliza lilikuwa? Saa hii ndiyo unaniuliza?"

Aliniomba radhi vizuri, siwezi kumsingizia. Aliniletea chai ya maziwa na chapati mbili, akasimama mbele yangu mpaka nilipozimaliza. Lakini mpaka hapo nilikuwa nimetoka nyumbani na komeo moja bovu na moja nusu bovu, na sasa nilikuwa na moja bovu tu. Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri jembe lake lichomelewe ndiye aliyeniambia: Kinjumbi yuko Mzee Bakari, ana gari la paa la turubai, lilikuwa la shamba la mkonge. Kusini ndiko nilikokuwa nataka kwenda, kwenye maduka ya Lindi. Kinjumbi iko kaskazini. Nikaenda kaskazini.

Nangurukuru hadi Kinjumbi: kwanza ule

Mzee Bakari nilimkuta nyumbani. Shikamoo, marahaba, habari za Masoko, habari za wazee, nani amekufa, nani amezaa. Nikafungua leso. Akaifunga.

"Kwanza ule."

"Babu, nimeshakula chapati, naomba tu nilione gari."

"Gari haliendi popote. Hujala kwangu."

Ikaja pweza ya nazi na muhogo, nikala, na ilikuwa tamu mpaka hasira ikapungua kidogo. Nikanawa. Tukaenda nyuma ya nyumba. Akalivuta jani la mnazi kwa fahari, na hapo palikuwa na pikapu ya kubebea samaki. Pikapu ya juzi juzi. Nyuma imefungwa turubai la bluu kwa kamba ya katani.

"Babu, hili ni pikapu."

"Si unatafuta gari la paa la turubai? Hilo turubai."

Nilikaa juu ya kinu. Nilikaa pale mpaka mkewe akaja kuniuliza kama pweza imenidhuru. Ndipo Mzee Bakari, kwa kunionea huruma, akasema neno ambalo angelisema tangu mlangoni lingeniokolea mchana mzima. Alikuwa dereva wa shamba lile lile la baba. Magari madogo ya paa la kukunja yalikuja mawili, ya meneja na ya mhasibu. La meneja lilikwenda kwa karani wa Masoko.

"Huyo karani ni baba yangu."

"Ala! Wewe ndiye yule mtoto aliyekuwa anapunga mkono!"

Nikaharakisha kumuuliza hilo la pili. La mhasibu, akasema, alilinunua Fundi Mshamu wa Sudi, na mpaka leo analo. Sudi, kwa wasioijua, iko kusini ya Lindi. Yaani nilikuwa nimetumia siku nzima kuipa mgongo. Nililala kwa mkewe, na alfajiri walinifungia muhogo uliobaki.

Kinjumbi hadi Lindi: komeo linatembea

Jumanne nilipata basi mapema, nikajipongeza. Kujipongeza ni kosa. Tulipita Kiranjeranje, tukapita Hoteli Tatu, na mbele kidogo tukakuta magari yamesimama mstari mrefu. Mvua imekula ukingo wa barabara, wanajaza mawe. Saa moja, saa mbili, saa tatu. Wauza korosho na mayai walijua habari kabla yetu, walikuwa wameshafika.

Mama aliyekaa karibu nami, mwenye ndoo ya korosho, akaniuliza nashika nini kwenye leso kama mtu aliyebeba jino. Nikamwonyesha lile komeo lililovunjika. Kosa la pili. Akampa wa mbele alione. Wa mbele akampa wa nyuma yake. Kila mtu ndani ya basi alikuwa fundi ghafla. Mmoja akasema ni la cherehani. Mwingine akaapa ni la sanduku la tarumbeta. Wa tatu akasema gari lenyewe la kuvunda halina ubani, niliuze chuma chakavu nipate utulivu. Nikamwambia atangulie kujiuza yeye.

Basi lilipoondoka, komeo halikurudi. Nikasimama katikati ya gari nikatoa ile sauti ya mstarini asubuhi: "Komeo langu liko wapi?" Nikapita kiti kwa kiti mpaka nyuma kabisa, nikamkuta bwana mmoja wa makamo, mwenye kofia nzuri ya kufuma, anafungulia nalo soda.

"Mama, linafaa sana hili," akaniambia. "Wanauza wapi?"

Biubwa akapiga simu. "Umepata?" Nikaanza kumweleza habari ya fundi, ya pweza, ya barabara. "Nimekuuliza umepata?" Sijapata. Akakata. Wakati ule niliapa nikifika nyumbani nitamkodia bajaji kwa hela yangu apande, alowe mvua. Lindi nikafika jioni, nikala samaki wa kukaanga nimenuna, nikalala.

Lindi hadi Sudi: hereni

Jumatano nikapanda gari la kwenda Mtwara, nikashuka njia panda, nikachukua bodaboda mpaka Sudi. Dereva akanishusha mbele ya nyumba yenye mikeka barazani na wanaume wa kofia wamekaa kimya. Jambo kama lile halina haja ya kutangazwa. Nikamsogelea mzee wa kwanza.

"Shikamoo. Hapa ni kwa Fundi Mshamu?"

"Marahaba. Ni hapa, mwanangu. Tumemzika jana alasiri."

Jamani, machozi yalinitoka. Nilimlilia marehemu, lakini kweli isemwe, nilililia pia komeo lililoyeyuka, na barabara, na Jumamosi iliyokuwa inakuja. Mungu anisamehe. Wanawake wakaniona nalia hivyo, wakanipokea kwa mikono miwili wakaniingiza ndani.

Mnajua adabu zetu. Msibani mtu hataji shida yake. Unakaa, unalia, unasoma Fatiha, unakula unachopewa, na shida yako inangoja. Nikakaa mkekani. Akaja dada wa marehemu, Bi Tatu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha watu kumi kwa mara moja.

"Umetokea wapi, mwenzangu?"

"Kilwa."

Mmoja aliyekuwa anapepeta mchele akaacha kupepeta.

"Kilwa ipi?"

"Masoko."

Wakatazamana. Bi Tatu akavuta pumzi. "Na marehemu mlijuana vipi?"

Kusema sikumjua kabisa niliona ni kukosa adabu, mtu kafa jana. Nikasema, "Sikubahatika kukaa naye sana. Nimekuja kwa habari ya gari lake. Lakini hilo lisubiri, si wakati wake."

Nikiyakumbuka maneno yale natamani kujipiga kofi. Bi Tatu akaushika mkono wangu akaugeuza.

"Hina mbichi!"

"Ya harusi," nikasema.

"Harusi ya nani?"

"Ya kwetu."

Wakaguna wote. Bi Tatu akatikisa kichwa polepole. "Haya. Yamepita. Vua hereni."

"Hereni?"

"Vua, mwenzangu. Na huo wanja ukauoshe. Mwenzio yumo ndani tangu jana hana hata pete, wewe umetujia umepambwa."

Nikadhani ni mila ya Sudi kwa kila mgeni wa msibani. Nikavua hereni, nikaosha wanja. Mwalimu mzima! Wakanitanda kitambaa cheupe kichwani, wakanishika mkono mpaka chumba cha ndani. Pale alikaa mjane, Bi Mwanaisha, mwembamba, macho yamevimba. Pembeni ya godoro lake walikuwa wamekwisha tandika la pili.

"Karibu," akaniambia. "Nilijua iko siku utakuja."

"Ahsante, dada. Pole sana."

"Pole na wewe. Watoto mnao wangapi?"

"Watatu."

"Wamefanana naye?"

"Wamefanana na nani?"

Hapo ndipo akili ilipofunguka. Godoro. Kitambaa. Hereni. Kwetu pwani huku kila mtu anayo hadithi ya mwanamke asiyejulikana anayejitokeza siku ya maziko, analia kupita wenye msiba, halafu anauliza habari ya mali. Na mimi nimekuja kutoka Kilwa, nimelia, nimeuliza gari.

Niliruka. Sauti iliyonitoka iliwafikia wanaume barazani. "Mimi si mke wa marehemu! Mimi nina mume wangu Masoko, mvivu, lakini yuko hai!"

Hawakuamini. Bi Tatu akataka namba ya huyo mume, akampigia mwenyewe, akaweka sauti ya juu. "Mwanamke anaitwa Somoe, ni mkeo?" Mume wangu, badala ya kunitetea, akasema, "Ni wangu, ndiyo. Mkimaliza naye mrudisheni, sijui chumvi kaiweka wapi."

Wakacheka, kilio kikasahaulika kidogo. Bi Mwanaisha peke yake hakucheka. Akaniuliza basi nimefuata nini. Nikafungua leso, nikampa lile komeo. Akaligeuza huku na huku.

"Umetoka Kilwa kwa ajili ya hiki?"

"Tangu Jumatatu. Nimepitia Kinjumbi."

"Mtu mwenye akili zake anaweza kusafiri hivyo kwa kichuma?"

"Dada, ni gari la zamani. Spea zake hazipo popote. Unasikia ziko mahali, unakwenda, hazipo. Unarudi mikono mitupu."

Akaanza kulia tena, ila safari hii hakutoa sauti. "Miaka kumi na miwili," akasema. "Kila baada ya miezi michache anaoga, anavaa kanzu, ananiambia nakwenda Kilwa kutafuta spea. Anarudi mikono mitupu. Wewe ungeamini? Nilimwita mwongo. Mwezi uliopita kaniambia nakwenda, nikamwambia mwanamke wako msalimie. Hakwenda. Akakaa barazani siku nzima."

Bi Tatu akainama, akavuta sanduku la mbao chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na nati, springi, skrubu zilizopakwa grisi, na daftari la shule. Bi Mwanaisha hasomi maandishi madogo, akaniomba nisome. Lilikuwa orodha ya maduka. Nangurukuru, duka la kwanza, kabureta, hakuna. La pili, aliniambia nisubiri, hakuna. Kivinje, hakuna. Masoko, hakuna. Ukurasa baada ya ukurasa. Maduka yale yale yaliyoniletea mimi komeo la choo. Na katikati, kwa mwandiko uleule wa taratibu: "Masoko. Gari kama langu limepita, linaendeshwa na mwanamke. Nimeona haya kumsimamisha mke wa mtu."

Nilikisoma kile kipande mara mbili. Kabureta ya akiba ya baba ilikuwa stoo kwangu miaka yote hiyo, imefungwa kwenye gunia. Niliwaambia. Mungu amrehemu yule mzee, lakini nilimkasirikia palepale, maiti yake haijamaliza siku mbili. Si angepunga mkono tu!

Bi Mwanaisha alilichukua daftari akaliweka kifuani. Hakulitoa tena.

Sudi, siku mbili ambazo sikuzipanga

Makomeo ya gari la marehemu yalikuwa mazima yote mawili. Niliyaona mwenyewe bandani, kuku wametaga kiti cha nyuma, na juu ya kioo makomeo yanang'ata kama siku ya kwanza. Bi Mwanaisha akasema nichukue. Bi Tatu akasema sichukui.

"Mali ya marehemu hiyo. Haijagawiwa. Hata sindano haitoki mpaka warithi wote waseme radhi."

"Ni vichuma viwili, Bi Tatu!"

"Siku ya kiyama utaulizwa hivyo hivyo viwili."

Na alikuwa na haki. Hitma ilikuwa kesho yake, na mtoto mkubwa alikuwa bado njiani kutoka Masasi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa mbuzi ya kukunia nazi kabla makalio hayajapata joto. Nilikuna nazi za pilau ya watu ambao jana yake walikuwa wananivua hereni. Sikuzihesabu nazi, lakini vidole vilizihesabu. Na kila mwanamke aliyeingia jikoni aliambiwa habari yangu upya, akaja kunitazama, akacheka mpaka akashika ukuta. Biubwa alipiga mara mbili. "Umepata?" Nikamwambia yapo, ila yana warithi. Akasema, "Kuna siku utanieleza hilo." Akakata.

Alhamisi baada ya hitma wakakaa watoto watano na ami yao, mjane nyuma ya pazia. Wanne wakasema radhi papo hapo. Yule wa Masasi akauliza, je, gari likiondolewa makomeo, thamani yake itabaki vilevile? Gari lenye kuku! Walijadiliana mpaka alasiri ikaadhiniwa, wakaenda wakaswali, wakarudi wakajadiliana. Mimi nimesimama kizingitini na mikono inanuka nazi. Mwisho Bi Mwanaisha akasema kutoka nyuma ya pazia:

"Baba yenu alikwenda Kilwa miaka kumi na miwili akarudi mikono mitupu. Huyu naye mnataka arudi hivyo?"

Yule wa Masasi akainamisha kichwa. "Radhi," akasema. Na mimi nikaahidi kabureta mbele yao wote, nao wakasema watalifufua gari. Skrubu nne zilikuwa zimeshikwa na kutu, tukazipaka mafuta ya nazi nilizozikuna mwenyewe, mpaka zikalegea. Ijumaa mapema nilikwenda kumuaga Bi Mwanaisha. Alinirudishia hereni zangu, akanivalisha yeye mwenyewe moja moja.

Masoko hadi Kivinje: paa limefungwa

Nilifika Ijumaa jioni, nikayafunga makomeo kabla sijaoga. Biubwa akaja akasimama uani.

"Yanabana?"

"Yanabana."

Akaingia ndani ya gari, akasukuma paa kwa mikono miwili kutoka chini, akajaribu kila pembe. Halikutikisika. "Haya," akasema, akatoka. Haya! Siku tano, na haya ndiyo shukrani.

Jumamosi jua likawaka kama Januari. Hakuna wingu. Ndoa ikafungwa baada ya adhuhuri, na watu wakajaa nje wakimsubiri bibi harusi. Dada za Bwana Hemedi wamepanga mstari, macho yote mlangoni, maana bibi harusi wa umri ule wanataka kuona atatokaje. Biubwa akatoka amejitanda, kichwa chini, hatua ndogo ndogo, kama anavyotakiwa. Vigelegele vikapigwa. Watu wakaanza kupiga kelele: "Vua kofia! Vua kofia!" Na mimi, kwa jua lile, nikaona kweli, mvua ya nini? Nikanyoosha mkono nifungue komeo.

Akanidaka kifundo cha mkono, ndani ya mtandio wake hakuna anayeona. "Usithubutu."

Akaingia nyuma peke yake. Kungwi wa nini kwa mtu wa miaka sitini na minne. Gari lile paa likifungwa, huko nyuma hakuna dirisha isipokuwa kile kipande cha plastiki kilichokwisha kuwa cha njano. Nikavuta komeo la kushoto, nikavuta la kulia, nikawasha, tukaondoka.

Hatujapita hata hospitali nikasikia anatetemeka nyuma. Nikadhani analia. Nikakumbuka lori. Nikasema, "Dada, kama hutaki, niambie, nageuza sasa hivi." Nikageuka kumtazama.

Alikuwa anacheka. Amejibana tumbo kwa mikono miwili, mtandio umeanguka mabegani, meno yote nje, machozi yanamchuruzika, anacheka kama mtoto aliyeiba sukari.

"Somoe," akasema, hapati pumzi, "nimempata mtu ninayemtaka. Mimi! Tangu mwezi uliopita kicheko kimenibana, sina pa kukiweka. Bibi harusi hacheki, wale mawifi wangeniona wangesema mwanamke mzima hana haya. Nikajua mahali pamoja tu pa kucheka ni humu, ukinifungia. Endesha polepole. Nataka nikimalize chote."

Nikaendesha polepole. Alicheka mpaka njia panda ya Kivinje, alicheka kona nzima, na mimi nikacheka naye, na nazi zote za Sudi zikanitoka mwilini. Tulipoanza kuona nyumba za kwanza akajifuta uso, akapandisha mtandio, akainamisha kichwa.

Mawifi walikuwa wametangulia. Walimpokea mlangoni, wakamfunua uso kidogo, wakaona macho mekundu yaliyovimba.

"Maskini," mkubwa wao akaniambia, ameridhika kabisa. "Amelia njia nzima?"

"Njia nzima," nikasema.